Nyumba Yenye Cheo cha Mkuu wa Mkoa

Katika nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, kwa sababu limepelekwa wizarani kuthaminiwa na bado halijarudi, watu walikuwa na tabia njema ya kupenda kinachokuja kuliko kilichokwisha kufika. Barabara iliyopo waliisema usiku na mchana kwa mashimo yake. Barabara iliyoahidiwa haikuwa na shimo hata moja, na viwanja vya kando yake ndivyo vilivyogombewa mpaka watu wakachaniana mashati. Ilikuwa nchi ya raha sana, hasa kwa wale walioisikia tu.

Humo aliishi mzee mmoja aitwaye Shemdoe, mstaafu wa reli. Tunaposema mstaafu wa reli tusieleweke vibaya, maana reli yenyewe haikuwahi kujengwa. Ilijengwa stesheni kwanza, ili treni itakapokuja isikose mahali pa kusimama, na Shemdoe akaajiriwa kuwa Msaidizi wa Mkuu wa Stesheni. Kila asubuhi alivaa kofia yake nyeusi yenye ukingo mgumu, akasimama kwenye jukwaa, akanyoosha bendera ya kijani na kuzipungia nyasi. Alistaafu kwa heshima zote. Katika sherehe ya kumuaga, mgeni rasmi alimsifu kwamba katika utumishi wake wote hakuna treni iliyopata ajali.

Mwenyewe alipenda kulisimulia hilo barazani. "Niulizeni mimi habari za ratiba," alikuwa akisema, huku akicheka kabla ya wengine. "Mimi sijawahi kuchelewesha abiria hata mmoja."

Mali yake yote ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa mikono yake. Ujenzi alijifundisha mwenyewe akiwa kazini, maana nafasi ilikuwapo, na nyumba ilionyesha wazi kwamba mwalimu na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja. Ukuta wa mbele uliinama kidogo upande wa kulia. Mlango wa choo ulifungukia ndani na kumgonga magoti aliyekaa. Paa lilivuja mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa juu ya kitanda. Mkewe, Bi Zamoyoni, aliweka beseni la bluu katikati ya godoro kila mvua iliponyesha, yeye akalala upande huu na mumewe upande ule, na maisha yakaenda. Aliizoea nyumba ile kwa namna alivyomzoea aliyeijenga: alizijua kasoro zake zote na alijua pa kuweka beseni.

*

Shida ilianza siku Shemdoe alipokwenda kwenye semina.

Semina iliitwa Anza na Moja, Lala na Kumi, na ilihusu namna ya kuanza uwekezaji wa nyumba na viwanja. Msemaji alikuwa Dakta Mkumba, mtu mrefu aliyevaa suti na kizibao chake katika joto ambalo hata mbwa walikuwa wamejilaza kwenye mtaro. Alitembea huku na huko, akapiga meza, akauliza swali na kulijibu mwenyewe.

"Maskini ni nani, ndugu zangu? Maskini ni mtu anayelala ndani ya utajiri wake bila kuujua! Hatua ya kwanza ya mwekezaji ni kujua thamani ya alichonacho. Ukishaijua thamani, usingizi hutaupata tena!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama mmoja wa nyuma akasimama, akauliza kwa adabu Daktari mwenyewe ana nyumba ngapi.

"Mimi nimepanga," alijibu Dakta Mkumba, kifua mbele. "Chumba kimoja, uani. Mtu anayezijua thamani za nyumba hawezi kuvumilia kuishi ndani ya moja."

Hapo makofi yakazidi. Shemdoe alipiga kuliko wote, akasimama juu ya benchi. Baadaye, kila alipoyahesabu mambo yake ya ujinga maishani, alisema hilo ndilo lililomkera zaidi, kwa sababu viganja vilimuuma hadi kesho yake na hakujiuliza kwa nini.

Alifika nyumbani akihema.

"Mama Siwema," alisema, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Tunalalia mali!"

"Tunalalia godoro la sufi," alisema Bi Zamoyoni bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Na limelowa."

"Nataka nyumba ithaminiwe."

"Na nani? Mbona mimi naithamini kila siku? Nafagia."

"Na wataalamu, mke wangu. Wataalamu."

"Wewe na wataalamu, Baba Siwema! Si ndio hao waliokwambia treni inakuja?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Lingine kivipi? Ulivaa kofia."

Kofia aliivaa kweli.

*

Hapa ni vizuri kueleza namna nyumba zilivyothaminiwa katika nchi hiyo, maana wageni huwa hawaelewi na wenyeji huwa hawapendi kuulizwa.

Hapo awali zilithaminiwa kwa fedha, kama kwingineko. Lakini fedha ya nchi ile ilikuwa ikishuka wakati mthamini akiwa bado njiani, na aliporudi ofisini kuandika alichokiona, bei ya nyumba haikutosha kununua kitasa. Ndipo wataalamu walipojifungia katika hoteli moja kando ya ziwa kutafuta kitu ambacho katika nchi yao hakishuki kamwe. Walikaa, wakala, wakalala, wakala tena, mpaka mmoja wao akaropoka wakati wa supu: cheo! Ikaonekana ni kweli tupu. Cheo katika nchi ile kiliweza kupanda, na kiliweza kufutika ghafla redioni, lakini kushuka kwa hatua hakikuwahi. Mtu aliweza kuharibu kila alichokabidhiwa, na kesho yake akapewa kikubwa zaidi cha kuharibu.

Tangu hapo nyumba na viwanja vikathaminiwa kwa vyeo. Banda la kuku lilikuwa na thamani ya tarishi. Kiwanja kisicho na maji kilikuwa karani. Nyumba ya tofali za kuchoma ilikuwa Bwana Afya, na bucha lililoko kona nzuri lilifika Mkuu wa Wilaya bila taabu. Watu wakawa wanasimama sokoni wakilalamika kwamba shamba la makatibu tarafa wawili limeuzwa kwa mhasibu mmoja tu, tena wa muda.

Basi kwa Shemdoe akaja Bwana Pazi, Mthamini wa Kata, amebeba kiti chake cha kukunja ili asije akakalia kitu ambacho bado hakijajulikana thamani. Aligonga kuta kwa vidole na kutega sikio. Alinusa jiko. Aliingia chooni, mlango ukamgonga magoti, akatoka akichechemea na kusema, "Ulinzi upo." Mwishowe alijilaza chali kitandani, buti na yote, ili kuipima starehe ya nyumba. Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Tone likaanguka, likampata katikati ya paji la uso.

"Nini hii?"

"Paa linavuja, bwana mkubwa," alisema Shemdoe kwa aibu. "Nilipigilia bati mwenyewe. Kosa ni langu."

"Maji mpaka chumbani," alisema Bwana Pazi taratibu, akijifuta. "Wenzio wa mji mkuu wanayalilia."

Kufikia hapo Shemdoe aliona thamani inaelekea kwa Bwana Afya, pengine Bwana Afya Mwandamizi, na roho yake ikatulia. Lakini walipotoka nje, Bwana Pazi alisimama ghafla mbele ya ukuta ulioinama. Ukuta ulikuwa umetapakaa vumbi jekundu kutoka chini hadi dirishani.

"Vumbi hili ni la lini?"

"Hilo? La siku msafara wa Mtukufu Mkuu wa Nchi ulipopita hapa kwenda kufungua kisima. Mke wangu kila siku anataka kuliosha, ni uvivu wangu tu wa kuteka maji."

Bwana Pazi alivua kofia.

"Msafara ulipunguza mwendo?"

"Ulipunguza. Palikuwa na mbuzi barabarani."

"Ulipunguza mwendo," alirudia Bwana Pazi, "mbele ya nyumba hii." Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaunganisha visigino, akaupigia ukuta saluti. Kisha akatangaza kwamba, kwa mamlaka aliyopewa, nyumba ile ina thamani kamili ya Mkuu wa Mkoa.

Bi Zamoyoni akafuta mikono kwenye kanga.

"Na tukishalijua hilo, inakuwaje?"

Bwana Pazi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Inakuwa kwamba mnatoka, mama."

"Tunatoka twende wapi?"

"Popote, ila si humo ndani. Mzee, ulistaafu ukiwa nani?"

"Msaidizi wa Mkuu wa Stesheni."

"Msaidizi wa Mkuu wa Stesheni," alisema Bwana Pazi, akilitamka kila neno peke yake, "alale tumboni mwa Mkuu wa Mkoa? Na miguu umemnyooshea wapi, mzee wangu? Nimeikagua nyumba hii kuanzia msingi hadi paa, na kinachoishusha thamani ni kimoja tu. Ni nyinyi."

*

Wakahamia jikoni, kibanda cha uani chenye mafiga matatu na tundu la moshi ambalo Shemdoe aliliweka, kwa ujuzi wake, upande upepo unakoingilia.

Serikali ilileta askari akaketi mlangoni. Wapita njia wakatakiwa wavue kofia na kuiamkia nyumba, "Shikamoo, Mheshimiwa," nao wakafanya hivyo bila kinyongo, maana walikuwa wameamkia vitu vya ajabu zaidi. Kuingia hakukukatazwa. Nchi ile haikupenda kukataza mambo. Ilitakiwa tu ubishe hodi, kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu, na ukaribishwe na aliye ndani. Na kwa kuwa ndani hapakuruhusiwa kukaa mtu, hapakuwa na wa kukaribisha.

Bi Zamoyoni alijaribu siku ya kwanza tu. Alitaka shuka zito la kujifunika.

"Hodi!"

Kimya.

"Hujakaribishwa, mama," alisema askari.

"Atanikaribisha nani, na mwenye nyumba ndiye mimi?"

"Ndio utaratibu."

Wakati wanabishana, kuku wake mweupe akapita katikati ya miguu ya askari, akaingia ndani moja kwa moja. Bi Zamoyoni akanyoosha kidole. Askari akaeleza kwamba kuku hana cheo, kwa hiyo hana cheo cha chini, kwa hiyo hamvunjii mtu heshima. Bi Zamoyoni hakurudi tena pale mlangoni.

Shemdoe, kusema ukweli, kichwa kilimvimba. Aliitoa kofia yake ya stesheni, akaipiga brashi, akawa anakaa kwenye ukingo wa ua kutazama watu wakiiamkia nyumba yake. Wakubwa wa kata, ambao hawakuwahi kumwitikia salamu, walipita wameinama. Aliona kwamba hatimaye amefika. Amefika wapi, hakuwa na hakika, lakini amefika.

Dakta Mkumba alikuja kumpongeza.

"Sasa usiiguse," alimwonya. "Siri ya uwekezaji ni kukaa mbali na mali yako."

"Nimekaa mbali, Daktari. Nipo jikoni."

"Kaa mbali zaidi."

Lakini jikoni humo Bi Zamoyoni alianza kukohoa. Kwanza kilikuwa kikohozi kidogo cha asubuhi, wakati wa kuwasha kuni. Kisha kikawa cha mchana pia, kikavu, cha kumshikisha mbavu, na macho yake yakawa mekundu kwa moshi. Hakulalamika. Angekuwa mtu wa kulalamika, Shemdoe angepata la kujibizana nalo. Sasa kila alipokohoa, mzee yule alikaa akiitazama kofia mkononi na kujiona hana maana. Akaenda mlangoni, akabisha hodi mwenyewe ili amletee lile shuka. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Askari alimwambia kwa huruma kwamba Mheshimiwa huenda ana kikao. Kuku mweupe alitoka ndani akijikung'uta, akamtazama kwa jicho moja, akapita zake.

*

Ndipo Bwana Pazi aliporudi mbio, amesahau hata kiti chake.

"Hongera, mzee! Nyumba imeonekana!"

"Imeonekana na nani?"

"Na wakubwa. Siku ya Thamani, Mheshimiwa Waziri wa Thamani mwenyewe anakuja hapa hapa uani kwako. Nyumba inaapishwa kuwa Naibu Waziri. Ikishaapa inakuwa ya taifa, yenyewe na uwanja wake, na jiko. Nyinyi mnapewa fidia."

"Fidia gani?"

"Nyumba kumi."

Dakta Mkumba, ambaye siku hizo alikuwa haondoki, akamkumbatia Shemdoe. "Kumi! Umeanza na moja, unalala na kumi! Nitakutaja kwenye kila semina!"

"Ziko wapi?" aliuliza Shemdoe.

"Katika mji mpya utakaojengwa," alisema Bwana Pazi, "kando ya barabara itakayochongwa. Na mahali penyewe hutahitaji kuelekezwa. Ni nyuma ya ile stesheni yako. Treni ikianza tu kuja, thamani itapaa."

Shemdoe aliyasikia maneno hayo, na mkono wake wa kulia, ule wa bendera, ukainuka kidogo wenyewe. Akaushusha. Akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa amechuchumaa mbele ya mafiga.

"Hizo kumi," aliuliza Bi Zamoyoni, "zinavuja?"

"Hazijajengwa bado, mama," alisema Bwana Pazi.

"Basi hazivuji." Akainama kupuliza moto, kikohozi kikamkatiza, akajishika ubavu mpaka kikapita. Kisha akapuliza tena.

Shemdoe alitaka kucheka, kama kawaida yake, na kicheko kikakataa kuja. Alikumbuka kwamba miaka yote ile ya kupungia nyasi, mwanamke huyu alimfungia chakula kila asubuhi katika bakuli lenye mfuniko, akamnyooshea kola ya shati, na hata siku moja hakumwuliza treni imefika saa ngapi. Wengine walimcheka. Yeye mwenyewe alijicheka. Mkewe ndiye pekee ambaye hakuwahi kumcheka mbele za watu. Na shukrani aliyompa ni kumtoa kitandani kwake na kumweka kwenye moshi, kwa sababu ya vumbi na mbuzi. Alimpenda, na alijionea haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Na huko kuapa," alimwuliza Bwana Pazi, "nyumba itaapaje? Haina mdomo."

"Mwenyewe unaisemea. Unasimama mbele ya watu, unasema mimi nyumba hii, nimepokea heshima, nitaitumikia nchi, basi. Nitakufundisha. Ni maneno mepesi sana, hata mawaziri wanayaweza."

*

Siku ya Thamani walitandika zulia jekundu kuanzia barabarani hadi barazani, na wakafunga turubai juu ya wageni. Ukuta wenye vumbi ulizungushiwa kamba asiuguse mtu. Redio ya taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Mheshimiwa Waziri wa Thamani alizungumza kwa muda mrefu. Alisema kwamba nchi nyingine hupima nyumba kwa urefu na upana, jambo ambalo ni dalili ya ufinyu wa mawazo. Alisema hapo zamani wananchi walikuwa wanaishi ndani ya nyumba zao kiholela, lakini chini ya uongozi huu makini, nyumba nyingi sasa zimepata hadhi ya kutokaliwa na mtu. Alisema mpango wa serikali ni kwamba ifikapo mwisho wa muongo, kila mwananchi awe nje ya nyumba yenye thamani. Wananchi wakapiga makofi, wengi wao wakiwa tayari nje.

Kisha Shemdoe akaitwa. Alikuwa amevaa kofia ya stesheni na koti la harusi. Alipanda barazani, akageukia watu. Bwana Pazi, kando yake, akamnong'oneza maneno ya kwanza.

"Mimi nyumba hii," alianza Shemdoe, na vipaza sauti vikairudisha sauti yake kutoka kila upande.

"Nimepokea heshima," alinong'ona Bwana Pazi.

"Mimi nyumba hii," alisema Shemdoe tena, "nimejengwa na mtu asiyejua kujenga."

Bwana Pazi akamvuta mkono wa koti.

"Msinilaumu mimi, mlaumuni yeye. Kamba ya kupimia alikuwa nayo, akaitumia kuanikia nguo. Ukuta wangu wa mbele haukuinama kwa adabu. Alianza kuujenga akiwa na njaa, akaumaliza ameshiba. Mlango wangu wa choo aliufunga kinyume, akasema atarekebisha kesho, na watoto waliokuwa wakigongwa magoti siku hizo sasa wana watoto wao. Mnataka niape kutunza siri za serikali? Mimi? Mtu akikohoa chumbani kwangu, mtaa wote unamwambia pole!"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa majirani waliokuwa wakilijua hilo vizuri, kikaja mbele safu kwa safu. Waziri alimtazama katibu wake, katibu akamtazama mtu wa redio. Mtu wa redio hakuzima mitambo, kwa sababu kumkatiza Mkuu wa Mkoa anapohutubia kulihitaji mtu wa cheo kikubwa zaidi, na Waziri, aliyekuwa nacho, alikuwa hajui kitufe kiko wapi.

"Paa langu linavuja," aliendelea Shemdoe, na sasa machozi yalikuwa yanamlengalenga, "na fundi wangu alilitoboa mwenyewe kwa msumari, halafu akamlaza mkewe chini ya tundu hilo maisha yao yote. Mkewe akaweka beseni. Hakusema neno. Mimi nimeona, maana nilikuwapo. Na fundi huyo huyo, ambaye maisha yake yote alipokea treni isiyokuja, mkamwambia kuna nyumba kumi zinakuja, akataka kupiga makofi tena! Waheshimiwa, mimi si Mheshimiwa. Vumbi hili mngeliona na kwa yule mbuzi wa barabarani, mngemtafuta naye aapishwe. Mimi ni nyumba mbovu ya Shemdoe na Zamoyoni, na nataka watu wangu waingie ndani."

Hakuna aliyejua la kufanya, maana jambo hilo halikuwa na utaratibu. Katika historia ya nchi ile hakuna Mheshimiwa aliyewahi kutaja kasoro yake hadharani. Wataalamu wa sheria waliokuwapo wakainamiana vichwa, wakafikia uamuzi upesi: Mheshimiwa hana kasoro, aliye na kasoro si Mheshimiwa, kwa hiyo aliyesimama pale ni tapeli. Shemdoe alikuwa bado amesimama juu ya zulia walipoanza kulikunja.

Wageni hawajafika barabarani, redio ikapiga wimbo wa taifa. "Uteuzi wa nyumba ya vyumba vitatu, mali ya mstaafu wa reli, umetenguliwa kuanzia jana. Nyumba hiyo itapangiwa kazi nyingine."

Askari aliisikiliza hadi mwisho, akabeba kiti chake, akaenda kulinda bucha lililopandishwa cheo asubuhi ile. Bwana Pazi aliufungua ukuta kamba, akaikunja na kuitia mfukoni, kisha akamwambia Shemdoe kwamba kwa sasa nyumba haina hata thamani ya tarishi, kwamba si lolote si chochote. Dakta Mkumba alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Ulikuwa na nyumba kumi, mzee. Leo hii una moja."

"Ndiyo, Daktari," alisema Shemdoe. "Moja imefika."

*

Wingu lililokuwa limejikusanya tangu mchana likafunguka. Majirani wakakimbilia kwao, turubai likang'olewa na wenyewe, na vumbi la Mtukufu likaanza kuteremka ukutani kwa michirizi myekundu, likaishia mtaroni pamoja na takataka nyingine.

Shemdoe alibaki peke yake mbele ya mlango, ameloa. Mkono wake, kwa mazoea ya siku zile, ukagonga.

"Hodi!" alisema, kisha akajicheka kwa sauti. Mzee mzima, unabisha hodi kwako, kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Karibu," sauti ikaitika kutoka ndani.

Bi Zamoyoni alikuwa amepita nyuma ya mgongo wa askari akaingia tangu redio ilipotaja neno uteuzi. Alikuwa ameketi upande wake wa kitanda, amejifunika lile shuka zito mabegani, anatazama juu. Katikati ya godoro lilikuwapo beseni la bluu, na ndani ya beseni alikuwapo kuku mweupe, ameatamia, ametanua mbawa na hana dalili ya kutaka kuondoka.

"Usimguse," alisema Bi Zamoyoni. "Amekaa humu muda wote huu, ndiye aliyetutunzia. Lete hiyo kofia."

Shemdoe alivua kofia ya stesheni, akampa. Bi Zamoyoni aliigeuza juu chini, akaisogeza huku, akaisogeza kule, akaitega pale pale chini ya tundu. Wakakaa kila mtu upande wake, wakingoja.

Tone likachungulia kwenye bati, likanenepa, likaanguka katikati ya kofia. Shemdoe alilitazama. Katika maisha yake yote ya kazi, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kufika.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Bi Zamoyoni.

Na mumewe, mstaafu wa reli, akachungulia dirishani kukisia jua lilipo nyuma ya wingu, akamtajia saa.